Bwana Harusi Augeukia Ukuta

Mkono wa Cyril Wabuge bado uko hewani. Wiki nzima tumeuacha pale, umenyooshwa nusu, saa ya dhahabu ikimeremeta chini ya taa ya projekta. Mbele yake ameketi mama mzee anayesubiri kusalimiwa, na ukutani kamera imeukuza mkono huo hadi umefika darini.

Basi Cyril akaurudisha.

Hakuurudisha polepole, kama mtu aliyebadilisha nia. Aliunyakua kama aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Akaruka nyuma, akamkanyaga mhadhiri mmoja vidole vya mguu, akageuka, akaenda kusimama kwenye kona na uso wake ameuelekeza ukutani. Mwanamume mzima, mwenye suti ya bluu, malori ya mahindi na stoo kubwa kule Moi's Bridge, sasa anasoma rangi ya ukuta.

Na yule mama? Alishusha leso kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso wote. Kisha akakizungusha kiti, akampa Cyril mgongo.

Halafu watu wakapiga makofi.

Ndiyo, walipiga makofi. Mimi kazi yangu ni kusimulia, na aibu ya wengine siwezi kuificha.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili kwa jirani, tuko Kuta Nne, jumba dogo la sanaa lililo juu ya duka la dawa za mifugo katikati ya mji wa Eldoret. Ni alasiri ya Alhamisi, jua linawaka nje, lakini humu ndani madirisha yamepigiliwa blanketi ili pawe na giza. Mwenye jumba ni Wacera, binti wa Mzee Mburu. Jumamosi hii Wacera anaolewa na Cyril huyu huyu. Matangazo ya ndoa yamekwisha kusomwa kanisani, na bwana harusi aliapa mbele ya pasta kwamba hajawahi kuoa.

Kuhusu maonyesho yenyewe, niseme nini? Ukuta mmoja unaonyesha video ya mashine ya posho ikizunguka. Hakuna anayesaga chochote. Mashine inazunguka tu, polepole, karibu saa nzima, na wageni wanaitazama wakitikisa vichwa kana kwamba wanahubiriwa. Watu hawa hawa ukiwapa debe la mahindi walipeleke kwenye mashine yenyewe kule Langas, watalalamika vumbi.

Aliyetunga mambo hayo anaitwa Njenga. Amejipaka unga mwili mzima, amevaa gunia, na tangu arudi kutoka Ulaya, alikokaa kwa muda mfupi kuliko msimu mmoja wa mahindi, jina lake mwenyewe analitamka kupitia puani. Kazi yake kubwa ya leo inaitwa Salamu. Mama mzee anaketi gizani, taa inamulika mkono wake tu, na kila mgeni anapita kumshika mkono bila kusema neno. Mama huyo, Mama Hulda, alitolewa mtaa wa Huruma, hapa hapa Eldoret, akichoma mahindi kando ya barabara. Njenga alimchagua kwa sababu, nanukuu maneno yake, mikono ya yule mama ina archive.

Sasa msanii huyo alikuwa analia kwa furaha, machozi yakichimba mifereji kwenye unga.

"Mmeona?" alinong'ona. "Mmeona vile body imekataa? Hiyo sikuipanga. Hiyo ni the work yenyewe inaongea!"

"Ni powerful sana," akasema Daktari Mabonga, yule mhadhiri aliyekanyagwa, huku akisugua kiatu chake. "Hapo ni capital imeshindwa kushika labour. Ndio maana ameangalia wall."

Wenzake wakaguna kwa kukubali. Mmoja aliandika maneno hayo kwenye simu asije akayasahau.

Ni watu wawili tu ambao hawakupiga makofi. Wa kwanza ni Wacera, ambaye alikuwa ameona jasho likishuka kwenye shingo ya mchumba wake. Wa pili ni Kageha, rafiki yake tangu chuoni na best maid wake wa Jumamosi. Kageha alikuwa amesimama mlangoni, sinia ya glasi za juisi mkononi, mdomo wazi.

Wacera alimshika Cyril mkono wa koti, akamvuta hadi kijikoni nyuma ya pazia.

"Cyril, hiyo ilikuwa nini?"

"Nini?"

"Umeruka."

"Sijaruka, nimeteleza. Huyo msanii wako amemwaga unga kila mahali."

"Ukateleza mpaka kwa kona?"

"Babe, si nilikuambia nina allergy ya unga?"

Hapa naomba upumue, msomaji. Mwanamume aliyejengwa na mahindi, anayenunua mahindi na kuuza mahindi, unga unamdhuru.

"Unauza mahindi, Cyril."

"Mahindi si unga."

"Unamjua yule mama?"

"Mimi? Nimjulie wapi mama wa kuchoma mahindi Huruma?"

Wacera alimtazama. "Nani amekuambia anatoka Huruma?"

Cyril alifungua jokofu, akatazama ndani kana kwamba jibu limewekwa karibu na maziwa.

"Si wengi wao hutoka huko," akasema hatimaye.

Kabla Wacera hajajibu, pazia lilifunguka. Kageha alimshika rafiki yake kiwiko, akamtoa hadi kwenye ngazi, mahali harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipokuwa inapanda kutoka dukani chini.

"Wacera, nisikize vizuri na usipige kelele. Kwenu mtu akioa, mama mkwe anamsalimia?"

"Si anamsalimia tu. Kwani?"

"Kwetu hapana. Sisi Vihiga tunayo hiyo heshima, lakini Wabukusu, watu wa kina Cyril, ndio wameishika kabisa. Mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana kwa njia, mmoja anaingia kwa shamba ya watu ndio mwingine apite. Mwanaume anageuka, mama anajifunika. Si chuki, ni heshima."

"Hata wa siku hizi? Cyril ana MBA."

"MBA haitoi hiyo kitu."

Wacera alishika chuma cha ngazi. "Labda ni shangazi yake."

"Shangazi unamkumbatia."

"Labda ni mtu wa kanisa."

"Wacera! Mwanaume ana mtu mmoja tu wa kumgeukia ukuta namna hiyo. Ni mama ya bibi yake."

"Lakini bibi yake ni mimi."

"Wewe ni Jumamosi," Kageha alisema taratibu. "Huyo alikuwa na mwingine kabla ya Jumamosi."

Lazima niseme, Wacera huyu amenichosha kwa wiki nyingi. Ni msichana aliyeandika kwenye kadi za mwaliko kwamba maonyesho yake yatawafungua watu macho. Macho yake mwenyewe yalihitaji kufunguliwa kwa patasi. Cyril alikuwa akisafiri kila mwisho wa mwezi "kuangalia stoo", simu ikizimwa akifika tu Soy njiani, na Wacera alikuwa akimfungia chapati za njiani.

"Twende tumuulize," alisema.

Mama Hulda alikuwa bado ameketi, mgongo kwa watu, leso usoni. Wageni walikuwa wamemzunguka kwa mbali wakimtazama kwa heshima ile ya uongo ambayo watu huwapa vitu wasivyovielewa. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kumuuliza kama anataka maji. Kageha alichutama kando ya kiti.

"Mama, pole. Unasikia vibaya?"

"Mtoto wangu," ilisema sauti ndani ya leso, "mwambie atoke kwanza. Siwezi kuinuka na yeye yuko ndani."

"Nani, Mama?"

"Huyo. Mimi si mtu wa kumtaja."

"Ni bwana ya msichana wako?"

"Ni bwana ya Brigid wangu," Mama Hulda akasema, na nilisikia fahari kidogo katika sauti hiyo, kama mama yeyote ambaye mkwewe ana suti. "Alikuja kuangalia picha zenu? Basi si makosa yake, mtoto wangu. Hapa ni giza. Hakuniona na mimi sikumwona. Mwambie sijakasirika."

Sijakasirika! Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na bado nimekasirika ninapoandika. Mama huyu, aliyejikunja ndani ya leso mbele ya watu wanaokunywa juisi, alikuwa ndiye anayeomba radhi. Aliendelea kumweleza Kageha kwamba hata barabara yenye ofisi ya mkwewe hapa mjini yeye haipiti. Akitoka sokoni huzunguka kwa nyuma, na gunia lake la mahindi mgongoni, ili asije akakutana naye mlangoni na kumwaibisha mbele ya wateja.

Wacera aliinama karibu. "Mama, na huyo Brigid yuko..."

"Excuse me, excuse me!" Njenga alikuwa amefika, unga ukidondoka. "Wacera, please, hakuna kuongea ndani ya piece. Mnaharibu silence."

"Njenga, toka hapa."

"Watu wamekuja kutoka Nairobi!"

Walikuja kutoka Nairobi kumtazama mama akijificha, na hawakujua wanachotazama. Nauli ile wangenunulia viatu.

Wacera alirudi kijikoni. Unajua alimkuta Cyril anafanya nini? Alimkuta anakula sambusa.

"Brigid ni nani?"

Sambusa ilisimama njiani. Cyril aliiweka chini, akapangusa midomo na kuvuta pumzi ya mtu aliyeandaa hotuba hiyo siku nyingi.

"Wacera, hiyo ilikuwa mambo ya kijiji. Nilikuwa mdogo. Hatukuenda kanisani."

"Mlipeleka ng'ombe?"

"Ng'ombe si certificate."

"Mlipeleka ng'ombe, Cyril?"

"Wazee walipeleka. Mimi nilifuata tu." Yaani hata kwenye ndoa yake mwenyewe alikuwa msindikizaji! "Halafu yeye akaenda Qatar kufanya kazi za nyumba. Akaniacha. Hapigi simu, haulizi. Hiyo kitu imekwisha. Kwa sheria imekwisha, kwa Mungu imekwisha, hata kwa moyo imekwisha. Wewe ndio bibi yangu."

"Imekwisha kabisa?"

"Kabisa, babe. Hata nikikutana na hao watu, hakuna kitu nasikia."

"Sawa," Wacera akasema. "Basi toka ukamsalimie."

"Nani?"

"Mama Hulda. Kama imekwisha, yule ni mama tu wa kuchoma mahindi. Mshike mkono kama wenzako wote walivyomshika. Nikikuona umemshika, Jumamosi iko."

"Na nisipomshika?"

"Nitampigia pasta kutoka hapa hapa."

Cyril alifikiri. Usidhani alifikiria mapenzi. Alifikiria godauni la Mzee Mburu karibu na reli, lile ambalo ameahidiwa ufunguo wake baada ya harusi, na mahindi yake yaliyozidi stoo, yanayonyeshewa Moi's Bridge. Alifunga kifungo cha koti. Akaramba mafuta ya sambusa kidoleni.

"Hiyo ni kitu ndogo," akasema.

Akatoka. Wageni walipomwona amerudi, walifungua njia. Njenga alimpungia kijana wake wa kamera kwa msisimko, na ukutani taa ikaanza kutafuta mkono. Viatu vya Cyril vililia sakafuni kimoja baada ya kingine, na Mama Hulda akavisikia.

Alichungulia kupitia pindo la leso. Alipoona ni nani anayekuja, aliinuka ghafla na kiti kikaanguka.

"Mtoto wangu, mwambie asije!" alimwambia Kageha. "Amepotea huyu? Mwambie mimi ni Hulda!"

"Anajua, Mama," Kageha alisema.

Mama Hulda alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagonga ukuta. Ulikuwa ule ukuta wa video, na mashine ya posho ikaanza kuzunguka juu ya leso yake na mabega yake. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Cyril alisimama mbele yake, akatazama sakafu, akanyoosha mkono.

"Nisalimie tu, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Iishe."

Na Wacera je? Nasema hivi kwa uchungu. Wacera alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, anaomba Mungu Cyril aweze. Baada ya yote aliyosikia, bado alitaka mkono ule ushike, Jumamosi ifike, gauni lisipotee bure. Kuna watu ambao ukweli lazima uwafuate mpaka kitandani.

Mama Hulda hakumjibu Cyril. Hata katika shida ile hakumwambia neno moja kwa moja. Alimgeukia Kageha.

"Mwambie akinishika mkono, ameniambia mtoto wangu hana kwake. Ameniambia ng'ombe zake zilikuwa za mchezo, na sisi tulikula nyama ya mchezo. Mwambie aelewe hiyo kwanza."

Kageha hakuhitaji kupeleka ujumbe. Kila mtu alisikia, ingawa waliouelewa walihesabika.

Halafu yule mama alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Mkono wake ulitoka chini ya leso. Ulikuwa mkono mweusi kwa moshi, na alama za kuungua kwenye vidole. Akaunyoosha mwenyewe mbele ya Cyril, macho ameyafumba.

"Mwambie basi ashike," akasema. "Kama ni hivyo, ashike nijue leo."

Mikono miwili ilikuwa ukutani sasa, mikubwa kupita watu wote, na kati yake palitosha kiganja kimoja tu. Ilibaki Cyril asogeze kidogo. Mtu ambaye amewatapeli wakulima wa Trans Nzoia kwenye mizani bila kupepesa jicho, mtu aliyeapa mbele ya pasta na meno yote nje, alihitaji kusogeza vidole tu.

Mkono ulianza kutetemeka. Saa ya dhahabu ikagongana na kifundo. Jasho lilimtoka kwenye paji likaingia machoni, na akajaribu tena, na mkono ukakataa. Kisha ukashuka wenyewe, ukaning'inia kando yake.

"Siwezi," Cyril alisema.

Makofi! Safari hii walisimama hata wale waliokuwa wameketi. Daktari Mabonga alivua miwani akafuta macho. Njenga alipiga magoti katikati ya ukumbi na kuinamisha kichwa, akipokea sifa ambazo hakuna aliyempa. Mama mmoja wa mashirika ya misaada alisema amesafiri nchi nyingi lakini hajaona performance yenye ukweli namna hii, na kwa mara yake ya kwanza maishani alikuwa amesema jambo sahihi bila kujua.

"Nyamazeni!" Wacera alipiga kelele.

Wakanyamaza, wakidhani naye yumo.

"Kwa nini huwezi, Cyril? Umesema imekwisha."

"Tutaongea nyumbani."

"Umesema hakuna kitu unasikia."

"Ni mila tu, Wacera! Ni mambo ya wazee, haina maana yoyote. Mimi ni mtu wa kisasa."

"Basi mshike."

Cyril alitazama mlango.

Na mlango ukafunguka. Aliyeingia, akihema kwa ngazi, kipande cha keki ya harusi aliyokuwa akiionja bado mkononi, alikuwa Nyokabi, mamake Wacera. Alikuwa ameacha duka lake la vitambaa mtaa wa pili na kukimbia, maana Njenga alikuwa anarusha kila kitu mtandaoni na jirani yake alikuwa amemwonyesha kwa simu.

"Kuna nini hapa?" aliuliza. "Mbona bwana harusi analia na nyinyi mnapiga makofi?"

Cyril hakungoja mtu mwingine aseme. Alikata ukumbi mbio, akamrukia mama huyo na kumkumbatia kwa mikono miwili, akalaza shavu lake begani mwake.

"Mama! Mama yangu, waambie hawa! Wananionea!"

"Pole, kijana wangu, pole," Nyokabi alimpigapiga mgongoni. Alimpenda Cyril sana. Katika vijana wote waliowahi kuja nyumbani kwake wakiwa na haya na miguu ya kuburuta, huyu peke yake alimkumbatia siku ya kwanza na kumwinua kidogo kutoka chini. Kanisa zima alilisimulia habari hiyo. "Nani amekusumbua? Wacera, umemfanya nini mkwe wangu?"

Wacera alikuwa anatazama.

Alitazama mikono ile miwili mgongoni mwa mamake. Imetulia kabisa, haina jasho, haina mtetemo. Kisha alimtazama Mama Hulda, ambaye bado alikuwa amebanwa kwenye ukuta wake na leso usoni. Akawatazama tena hawa wawili waliokumbatiana. Nilimwona akielewa, na nakiri kwamba kwa mara ya kwanza tangu tuanze hadithi hii sikumdharau.

"Kageha," alisema polepole. "Kwa huyu mtu, mama yangu ni nani?"

Kageha alitazama glasi za juisi. "Usiniulize hiyo."

"Nakuuliza wewe. Ungekuwa yeye, huyo unayemshika hivyo ni nani?"

"Mimi nilikuwa nafikiria anafuata desturi yenu," Kageha alisema. "Kwa sababu nyinyi ni Wakikuyu. Lakini hata akifuata yenu, Wacera, mara ya kwanza mwili ungeshtuka kidogo. Huyu hajawahi kushtuka. Kwake huyo ni mama wa rafiki."

Nyokabi aliacha kupigapiga mgongo. Hakuelewa yote, lakini alielewa uso wa binti yake.

"Cyril," Wacera alisema, "mwachilie mama yangu."

Cyril akamwachilia.

Wote walingoja machozi. Daktari alishika simu tayari. Lakini Wacera alipangusa tu mikono kwenye gauni lake, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeagiza viti.

"Harusi iko," alisema.

"Wacera!" Kageha alishtuka.

"Iko. Sitampigia pasta." Cyril alianza kutabasamu, mjinga wa watu. "Jumamosi saa nne, kanisa ni lile lile. Ni viti tu nimebadilisha. Mama Hulda atakaa mbele kabisa, mwisho wa benchi, kando ya njia yako ya kuingilia. Ukiweza kupita mbele yake mpaka kwa pasta, Cyril, pete nitakuvalisha mimi mwenyewe."

Tabasamu lilikwama.

"Huyo mama hatakubali," Cyril alisema haraka. "Hawezi. Mila haimruhusu kukaa mahali niko!"

Kumbe mila ilikuwa na maana. Ilikosa maana kwa dakika chache tu, ilipomdai yeye.

Vichwa vyote viligeuka kwenye ukuta. Mama Hulda alikuwa ameinua pindo la leso, jicho moja likionekana. Hakumtazama Cyril. Alimtafuta Kageha kwa jicho hilo mpaka akampata, na alipozungumza alizungumza kwa upole, kama anayemtuma mtoto dukani.

"Mwambie nitakuja," alisema. "Nitajifunika, lakini nitakuja. Na mwambie Brigid alitua jana na ndege. Nimemwacha kwangu Huruma anafua nguo zake za safari, na tangu asubuhi ananiuliza mbona bwana yake hakuja kumchukua."